Kuku wa Kibibi

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Mmeisema mkimcheka yule mtoto aliyehamia juzi, si ndiyo? Haya, kaeni. Methali hiyo chanzo chake ni hiki, na hakichekeshi hata kidogo.

Kibibi alifiwa na baba. Mama yake akaolewa na Mzee Shekue, mgane mwenye binti mmoja, Mwanaidi. Kibibi akaingia nyumba ile na mwanasesere wake wa gunzi, na kuku wake Kirembo aliyemlea tangu kifaranga. Kirembo akafungwa kamba kigingini asije akarudi alikotoka, maana ndivyo afanywavyo kuku yeyote mgeni.

"Akizoea nitamfungua," alisema Mzee Shekue.

Wasichana walicheza pamoja, lakini mwanasesere wa Mwanaidi ndiye aliyekuwa bibi wa nyumba kila siku, wa Kibibi akitumwa maji. Kibibi alivumilia. Alitaka kitu kimoja tu, naye ahesabiwe mtoto wa pale. Kirembo akataga, akaatamia, akaangua. Vifaranga wakakua wakazurura uwanja mzima, mama yao bado yu kambani.

"Baba, si amezoea sasa?"

"Haya, kesho."

Hiyo kesho, wapi!

Siku moja dada zake Mzee Shekue wakaja bila taarifa. Kuku achinjwe! Mwanaidi akawakimbiza waliokuwa huru, wakampiga chenga wote.

"Ya nini kuhangaika?" akasema Mzee Shekue. "Si yule yuko kambani?"

"Huyo wangu, baba!" Kibibi alilia. "Mama, mwambie!"

Mama akawatazama wale mawifi mkekani. Alimpenda mwanawe, lakini naye alikuwa mgeni nyumba ile, na talaka aliiogopa.

"Nyamaza, usinitie aibu," akasema, akaenda kuteleka maji ya kunyonyolea.

Kibibi alipewa shingo. Hakuila.

"Kula, mwanangu," mama alimnong'oneza jikoni. "Utapata kuku mwingine. Hapa ndipo kwenu."

"Ni kwao Mwanaidi, mama. Kirembo ameishi hapa mpaka wanawe wamekuwa wakubwa, na hakufunguliwa."

"Lakini baba yako anakupenda..."

"Mama, usinidanganye. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."