Sanduku la Bi Kindi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa sanduku.
— Lina nini?
Ngojeni, kwanza lipatikane.

Basi alikuwapo Bi Kindi, mdogo wa umbo, anamwoza mwanawe wa kiume nchi ya mbali. Akapanda ndege. Sandukuni alitia visheti na kanga ya mkaja, maana kwao mama wa bibi arusi asipovishwa mkaja, ndoa haifungwi. Na ndoa ilikuwa alasiri ile ile.

Ndege ikatua, vuuu, puu. Mizigo ikatoka, kiri kiri kiri. Ya watu wote ikatoka, lake halikutoka.

Mkuu wa mizigo alikuwa Nyani, pande la mnyama, tumbo mbele.

"Bwana Nyani, sanduku langu?"

"Limepotea. Jaza fomu."

Akajaza.

"Bwana Nyani, sanduku langu?"

"Limepotea. Jaza fomu nyingine."

Akajaza, machozi yanamlengalenga, saa nane hiyo. Akipokea fomu ya tatu, akamtazama Nyani vizuri: midomoni sukari, ndevuni makombo ya visheti. Yallah! Kisa hiki nimekisimulia mara ngapi, na bado mate yananikauka. Mtu anakula vyako huku anakupa kalamu.

Bi Kindi hakugomba. Akaandika, kisha akamsomea: "Kanga moja. Visheti vya sumu, kilo mbili."

"Vya sumu?"

"Vya kuulia panya ghalani kwa wakwe. Anayekula huanza kuwashwa masikio."

Nyani akajikuna, kwaru kwaru. "Kisha?"

"Kisha mkia hukatika."

Nyani akaukamata mkia kwa mikono miwili. "Na dawa yake?"

"Ipo, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Lakini sanduku si limepotea, baba?"

"Limeonekana sasa hivi," akasema Nyani, na mbio, pu pu pu pu. Akarudi nalo: gurudumu hakuna, zipu imechanwa, mpini unaning'inia. Kanga salama.

Bi Kindi akafungua pindo, akatoa kipande cha sabuni alichokitia ili nguo inukie. "Tafuna, usiteme."

Nyani akatafuna, povu blu blu blu, na kushukuru akashukuru.

Alasiri mkaja ukavishwa, ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Mkiiona tamu, gawaneni. Mkiiona chungu, nirudishieni. Na funzo lake, wanangu: semeni kweli daima, uongo haufai. Bi Kindi angesema kweli, hadi leo tungemkuta pale pale dirishani, anajaza fomu.