Mto wa Bibi Pelele

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za usingizi? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiezeka bati na kupiga dari kama sisi, alikuwepo Bibi Pelele, mnyama mdogo wa miambani. Nyumba aliachiwa na marehemu mumewe. Chini ya upenu marehemu alitoboa matundu, safu nzima, paa lipate kupumua. Kila masika ikikaribia alipanda ngazi, akafuta vumbi, akang'oa viota vya nyigu. Alipofariki, hakupanda mtu tena.

Siku moja binti yake, Sikudhani, akajifungua mtoto wa kiume. Kadogo, kanaenea kiganjani. Bibi akampenda mpaka usingizi ukamruka. Akawa anasikiliza upepo matunduni. Fyuu. Fyuu.

"Upepo huu utaniulia mjukuu," akasema.

Akapasua mto wake, akatoa sufi. Akapanda ngazi na magoti yake mabovu, akaziba matundu yote. Tangu hapo akalalia mkono, na moyo wake umetulia.

Mambo ya arobaini mnayajua. Mzazi hatoki nje, na kila siku hukandwa kwa maji ya moto. Mvuke ukapanda, ukapenya dari, ukafika kwenye bati. Ukatafuta pa kutokea, wapi! Ukageuka maji. To. To. To. Dari ikaota ukungu. Mtoto akaanza kukohoa. Koho. Koho.

Bibi akadhani ni baridi. Akaziba hata ufa wa dirisha. Kikohozi kikazidi, mtoto akaacha kunyonya.

Jirani yao Mbayuwayu, mkaa upenuni, akaja dirishani.

"Shikamoo, bibi. Matundu yenu yamezibwa."

"Marahaba. Nimeyaziba mwenyewe. Nenda zako, mtoto amelala."

"Hajalala, bibi. Namsikia anavyokohoa."

Bibi akageuka, akamtazama mtoto. Mbayuwayu akajing'oa unyoya. "Shika huu kwenye tundu. Nyumba ikipumua, unyoya utacheza."

Bibi akapanda. Akashika unyoya. Kimya. Tundu la pili, kimya. Akagusa mbao, akakuta zimeloa, laini kama ugali. Machozi yakamtoka.

"Kumbe ninayemkaba mtoto ni mimi."

Sikudhani akamsikia kutoka ndani, akachungulia dirishani, akaona sufi matunduni. "Mama, hiyo si sufi ya mto wako? Umelalia nini siku zote hizi?"

"Mkono, mwanangu."

Sikudhani naye akalia. "Basi ivute, mama. Ivute taratibu, usije ukaanguka."

Bibi akavuta. Mbayuwayu akavuta upande wa pili. Fyuu! Unyoya ukacheza. Wakafuta vumbi, wakatandaza wavu mwembamba, nyigu wasiingie na hewa ipite. Bati likakauka. Mtoto akapumua vizuri, akanyonya, akalala.

Sikudhani akaanika sufi juani, akashona mto upya. Bibi akaulalia na mjukuu pembeni.

Masika hurudi, na mtoto hukua. Sasa yeye ndiye anayeshika ngazi, bibi akipanda na unyoya.

"Bibi, unyoya umecheza?"

"Umecheza, baba."

Basi, wakubwa kwa wadogo: ukimpenda mtu, mwachie pa kupumulia. Na nyumba nayo ina pumzi yake, ikague kabla ya mvua.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya upenu. Aliyesikia, akatazame na kwake.