Kwa Nini Ng'ombe Mzazi Hakamuliwi Mpaka Tone la Mwisho

Ambakisye, acha kumkamua ng'ombe huyo, weka kibuyu chini kwanza. Na ninyi mnaomcheka, sogeeni, maana hamjui zaidi yake.

Hapo kale, kabla mlima huu haujapata jina, Mfupa alikuwa bahili. Chokaa yote ya mwili, ile ambayo bwana mifugo anaiita kalsiamu, aliiweka ghalani mwake, na ikishaingia haikutoka. Damu akipungukiwa alibisha hodi, Mfupa akajifanya amelala.

Siku hizo aliishi mjane aitwaye Tusekile, akimlea mjukuu mchanga aliyefiwa na mama. Mtoto alikataa kila kitu ila maziwa, na ng'ombe wa bibi alikuwa mmoja tu, Kajivu. Kajivu alipozaa, Tusekile alimkamua mpaka tone la mwisho, kwani zama zile aliyebakiza maziwa kiweleni aliitwa mvivu. Hakujua kwamba kila kibuyu kiliondoka na chokaa ya Damu. Asubuhi alimkuta Kajivu chini, masikio ya baridi, miguu ikitetemeka.

Tusekile alimkumbatia shingo akalia. "Kajivu mama, usiniache. Ukifa wewe, na huyu mtoto nitamzika."

Kooni mwa Kajivu waliishi ndugu wanne, tezi ndogo kama punje za mtama, ambao hakuna aliyewahi kuwatuma popote. Kilio kiliwapata pale pale shingoni. Wakapeleka ujumbe kwa Mfupa, ujumbe ambao siku hizi unaitwa homoni: "Fungua, Damu anakufa!"

"Nikitoa nitabaki ganda," Mfupa alinung'unika.

"Na Damu akifa, utamwekea nani?"

Bahili akajikokota hadi mlangoni. Jirani yao wa kooni, tezi kubwa kuliko wao, akaapa kwamba Damu akishiba, yeye mwenyewe atatuma neno mlango ufungwe. Jua naye akaahidi kupitia Ngozi kumsaidia Utumbo kuchota chokaa kwenye majani, ghala lijae tena. Basi Mfupa akafungua, lakini polepole, maana mlango haukuzoea kufunguliwa.

Tusekile hakuyajua hayo. Alishika chuchu, akayatazama macho ya Kajivu, akashindwa kumkausha. Alikamua kiasi cha kumtosha mtoto, mengine akayaacha, watu waseme watakavyo. Jua lilipopanda, Kajivu alishusha pumzi ndefu, akakita kwato, akasimama. Ah, raha aliyoipata bibi yule! Alicheka na kulia kwa pamoja, mtoto mgongoni akishangaa.

Na tangu siku hiyo Mfupa hukopesha na kurudishiwa, na ndugu wanne hawalali. Ila mlango ule bado ni mzito, hasa siku za kwanza baada ya kuzaa. Ndiyo maana ng'ombe mzazi hakamuliwi akakauka, na anayebakiza haitwi mvivu tena.

Umeshapata ya kumtosha mdogo wako, Ambakisye. Yaliyobaki mwachie ng'ombe mwenyewe, kesho naye asimame.