Achari ya Bi Zuhura na Kipoza Oili

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, magari yakiwa yameshajifunza kuvuja, aliishi Korogwe mwalimu mstaafu wa kemia aitwaye Shemhina. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa amefariki siku thelathini na nane nyuma, akazikwa kwao Vuga, juu milimani. Aliacha vitu viwili ambavyo Mwalimu hakutaka viguswe: gari lake dogo la bluu, na chupa ya mwisho ya achari ya ndimu aliyoitia chumvi kwa mikono yake.

Kuhusu gari alikuwa ameusia waziwazi: "Siku ya arobaini yangu usinijie na basi kama mgeni. Njoo na gari langu, nilisikie likipanda."

Kuhusu achari hakusema kitu. Hakujua kwamba ndiyo ya mwisho.

Zikiwa zimebaki siku mbili, Mwalimu akaliwasha gari kulijaribu. Likachemka kabla halijafika barabara kuu. Akafungua tangi la maji, akakuta maji yamegeuka kama chai ya maziwa. Fundi wa stendi akaja, akatikisa kichwa, akasema injini ifumuliwe yote, wiki mbili.

Mwalimu akarudi nyumbani, akasimama mbele ya ndugu waliokuwa bado wamejaa ukumbini, akatangaza: "Atakayenifikisha Vuga na gari hili, achari ya marehemu ni yake."

Walioijua achari ile walimeza mate.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Mwantumu, mdogo wa marehemu, aliyeendesha lori la chama cha ushirika kwa miaka kumi na tisa. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakinusa.

"Shemeji, oili yako safi. Maji ndiyo yaliyoingiliwa na oili. Huyo wa stendi anataka kukuvunjia nyumba kwa sababu ya panya mmoja. Fungua kipoza oili."

Kipoza oili ni kile kidude cha bati kilichobanwa ubavuni mwa injini. Oili hupita upande huu, maji upande ule, na havitakiwi kugusana, kama mtu na mama mkwe wake.

Wa pili alikuwa Ngoda, jirani, fundi baiskeli. Kesho yake alilala chini ya gari tangu asubuhi hadi adhuhuri, akakifungua kidude, akakuta mipira miwili ya kuzuia oili imekauka na kupasuka. Akakiosha kwa mafuta ya taa mara ya kwanza, kikatoa tope. Akakiosha mara ya pili, kikatoa tope. Akakiosha mara ya tatu, kikang'aa. Akatia mipira mipya, akakizamisha ndani ya sufuria la maji, akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Halikutoka povu hata moja.

"Hakivuji!" akapiga kelele.

"Hakivuji," akasema Mwantumu, "lakini hilo ni sufuria la pilau la marehemu dada yangu."

Ngoda akalitazama sufuria. Mwalimu akakohoa.

Kisha wakamimina maji upande wa maji. Hayakupita. Miaka mingi gari lilikuwa limenyweshwa maji ya kisima, na chokaa ilikuwa imeziba njia zote, ngumu kama magadi. Ngoda akachokoa kwa waya wa breki; waya ukapinda. Wakatuma watu sokoni: ndimu hakuna, si msimu wake. Dukani: siki imekwisha tangu Idi. Na kesho ndiyo arobaini.

Kwa miaka thelathini na moja Mwalimu Shemhina alikuwa ameandika ubaoni kwamba asidi hula chokaa. Alijua pia asidi ilipo: kabatini, rafu ya pili. Akakohoa, hakusema neno.

Wa tatu alikuwa Chambuso, mtani wa ukoo. Na mtani, kama mjuavyo, msibani haulizwi. Humtukana marehemu, huficha viatu vya wafiwa, hubeba atakacho, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Kwa siku thelathini na nane Chambuso alikuwa amekula sahani tatu kila siku, akilalamikia chumvi. Sasa akaingia ndani, akatoka na chupa ya achari.

"Mtani, weka chini!" Mwalimu akafoka.

"Mke wako akiwa hai hakuniachia hata kijiko. Leo nimempata. Ulimi wake ulikuwa mkali mpaka ukachubua wanaume. Achari yake itashindwa na chokaa?"

Akamimina maji ya achari yote ndani ya kidude. Kikachemka, kikafoka, kikatoa povu. Ngoda akasema, "Huyo ni yeye kabisa." Hata Mwalimu akacheka, kisha akatafuta leso.

Alasiri wakakisuuza. Maji yakapita kama mtoto aliyeachiwa shule. Ngoda akakifunga tena mahali pake, wakatia maji safi. Kesho yake gari likapanda kutoka Mombo hadi Soni, kutoka Soni hadi Vuga, mshale wa joto haukutikisika. Mbele ya kaburi Mwalimu akaacha injini ikinguruma kidogo, kisha akaizima.

Baada ya dua chupa ikawekwa juu ya jamvi. Ndani yake ilibaki ndimu moja.

Mwantumu akasema: "Bila mimi, mngekuwa bado mnafumua injini. Na ni dada yangu."

Ngoda akasema: "Kujua si kufanya. Mgongo uliolala chini ya gari ni wa nani?"

Chambuso akasema: "Ninyi mlifanya kazi ili mpewe zawadi. Mimi niliimwaga zawadi ili kazi iishe."

"Uliiba!" wakafoka wenzake.

"Mtani haibi."

Bibi mmoja wa Vuga akadakia: "Mnabishana bure. Chokaa iliondolewa na Zuhura mwenyewe. Mzikieni ndimu yake."

Wote wakamgeukia Mwalimu, aliyejua asidi ilipo na akanyamaza, na ambaye naye, Mungu amsamehe, aliitaka ndimu ile kuliko wote. Akakohoa.

Haya, ninyi mliosikiliza: je, nani aliistahili ndimu ya Bi Zuhura? Jibuni upesi, Chambuso ameshashika kijiko.