Chungu cha Kinywa Kimoja

Paukwa!

Pakawa!

Shungi palikuwa na nyumba ngapi?

Saba!

Na mikeka ya kulia?

Mmoja!

Basi, zamani hizo, jua likielekea kuzama, kila nyumba ya Shungi ilitoa sahani yake uani. Mwenye dagaa alileta dagaa, mwenye muhogo alileta muhogo, na mikono yote ikaingia kote.

Kichakani nyuma ya kijiji lilikaa zimwi. Lilikuwa na njaa ya siku nyingi, maana mazimwi yana sharti lao: humla tu anayekula peke yake.

Nyumba ya saba alikaa Pandu na mkewe Mize, na binti yao mdogo, Mwatum. Mize alipika kunde za nazi. Akitua sahani yake mkekani, watu walisogea bila kuambiwa.

Siku moja Mize akaugua. Siku ya tatu akafa.

Siku arubaini majirani walimlisha Pandu na mwanawe. Arubaini ilipopita, Pandu akaona haya. Akabandika kunde mwenyewe, zikaungua. Akabandika tena, zikaungua. Akabandika mara ya tatu, zikaungua.

"Pandu! Chakula kinapoa!" wakamwita kutoka uani.

"Kuleni tu, sisi tumeshakula."

Hawakuwa wamekula. Pandu alijiambia kwamba mtu haendi mkekani mikono mitupu.

Kesho yake zimwi likajigeuza bibi kizee, likapita na vyungu kichwani.

"Hodi, mwanangu. Chungu hiki hupika chenyewe. Ila hulisha kinywa kimoja. Mkono wa pili ukiingia, kinapasuka."

"Tuko wawili, bibi."

"Basi chukua viwili."

Pandu akafunua. Kunde za nazi. Akaonja, na ulikuwa mkono wa Mize hasa: chumvi kidogo, pilipili inayokuja mwishoni. Akala amefumba macho. Mwatum naye akala chake pembeni. Baba na mwana wakapeana migongo.

Jirani yake Kombo, mtu wa mizaha, akanusa dirishani. "Ee bwana wee, unatuficha mpishi?" Naye akatafuta chungu chake kwa yule bibi, kikampikia pweza. Bi Kazija, mkubwa wa kijiji, akapata cha samaki wa kupaka.

Siku ya kwanza mkekani zilikaa nyumba tano. Siku ya pili, mbili. Siku ya tatu mkeka ukakunjwa. Watu wa Shungi wakatengana, wakatawanyika, wakasambaratika, kila mmoja na chungu chake nyuma ya mlango.

Jioni moja Pandu ameinamia chungu, akasikia sauti nzito:

"Mla pekee ni wangu, mla pekee ni wangu, mla pekee ni wangu."

Akageuka. Zimwi limesimama dirishani, nywele hadi magotini, na kichwani limevaa kofia ya Kombo. Mkono wake mrefu umeshaingia ndani, unamwelekea Mwatum, aliyeupa ukuta uso anakula.

Pandu alijua la kufanya. Alijua pia kwamba vyungu vikipasuka, hataonja tena mkono wa Mize. Akasita, mkono wa zimwi ukasogea. Ndiyo, wajukuu zangu, alisita tena, mkono ukasogea. Mara ya tatu hakusita. Akatumbukiza vidole katika chungu cha mwanawe.

"Baba, kitapasuka!"

"Kipasuke. Nawe tia mkono katika changu."

Vyungu vikapasuka, pa! pa! Zimwi likapiga yowe, na meno mawili yakalidondoka.

Pandu akatoka mbio uani. "Vunjeni vyungu!"

Bi Kazija akachungulia. "Nivunje changu kwa nini?"

"Kombo yuko wapi, Bi Kazija?"

Watu wakatazamana. Siku tatu hakuna aliyemwona, na hakuna aliyeuliza.

Bi Kazija ndiye aliyetangulia kuvunja. Wakafuata wote, na kila chungu kilipopasuka, zimwi liling'oka jino. La mwisho lilipodondoka, likamtapika Kombo mzima mzima, likakimbilia porini.

Mkeka ukatandikwa. Pandu akapika kunde, zikaungua, akazileta hivyo hivyo.

Kombo akatafuna. "Ndugu yangu, umeunguza. Lakini si neno, huko nilikotoka hata chumvi hamna."

Wakacheka. Mwatum akasema, "Za mama zilikuwa na pilipili mwishoni."

"Na tangawizi," akasema Bi Kazija. "Aliitwanga akiimba, akidhani hatumsikii."

"Akikoroga kwa mkono wa kushoto," akasema Kombo.

Pandu akaacha kutafuna. Ya tangawizi hakuwa akiyajua, wala ya wimbo. Akawasogelea.

"Semeni tena," akasema.

Mwenye msiba asingoje mpaka awe na cha kuleta. Na wenzake wasimwite mara moja tu. Hadithi yangu imeishia hapo, pale mkekani, na wao bado wanamsimulia Mize.