Kalunguyeye na Ungo wa Mbegu

"Mng'oa ua hamngoji kalunguyeye." Vijana waliposikia methali hiyo kikaoni walicheka, kisha wakamfuata Mzee Ngassa, aliyekuwa akisokota kamba za mkonge, wamuulize imetoka wapi. Mzee akawatazama mmoja mmoja. "Chekeni tu," akasema. "Kalunguyeye mwenyewe hamjapata kumwona hata mmoja wenu. Methali hii imeanzia kwa mwanamke aliyeitwa Mbuke, hapahapa Mwabuluda."

Mwabuluda ya siku hizo haikuwa tambarare tupu kama hii mnayoiona. Kila shamba lilizungushiwa ua wa minyaa, mnene, wa kijani hata kiangazi, na chini yake majani makavu yalirundikana. Humo ndimo alimolala kalunguyeye mchana, kimnyama cha miiba kinachoenea viganjani. Usiku alitoka kula funza na mende wa shambani. Hakuna aliyemfuga, wala hakuna aliyemdhuru.

Tena alikuwa na kazi ya heshima. Binti alipogawiwa shamba lake la kwanza, bibi yake alimtafuta kalunguyeye uani, akamweka ndani ya ungo wa mbegu za mtama. Kalunguyeye akiogopa hakimbii, hujikunja. Basi watu walinyamaza, wakangoja. Alipojikunjua, akatoa pua na kutembea juu ya mbegu, bibi alisema, "Shamba limekupokea," kisha akamrudisha uani palepale. Mbuke alifanyiwa hivyo na bibi yake, na mpaka uzeeni alizikumbuka zile nyayo ndogo zikichakarisha mtama, harufu ya udongo uliolowa, na bibi yake akiwakodolea macho waliotaka kucheka. Raha iliyoje! Alitamani jambo moja tu kabla hajafa: amfanyie vivyo hivyo mjukuu wake, Kwandu.

Ndipo trekta lilipokuja. Dereva alisema haliwezi kugeuka kwenye vishamba vidogo. Nyua ziondoke, mashamba yaungane. Kijiji kizima kilikubali. Na Mbuke, msidhani alipinga! Yeye ndiye aliyeongoza nyimbo za kuwatia watu nguvu, huku utomvu wa minyaa ukiwawasha macho. Marundo yalipokauka yalichomwa. Moto ulipozimika wakawakuta kalunguyeye majivuni, wamejikunja. Mbuke aliguna, kisha akasema, "Watakuja wengine."

Mavuno ya kwanza yaliwafurahisha wote. Pamba ikalimwa mpaka mlangoni, ikapuliziwa dawa, wadudu wakafa. Kila mvua za kwanza zilipoanguka Mbuke alitoka kutazama. Hakuona kitu, akajiambia labda mwakani.

Hatimaye Kwandu akagawiwa shamba. Mvua ikanyesha, majirani wakapanda, ungo wa Mbuke ukabaki barazani. Bibi wa watu alizunguka vijiji vya jirani kwa miguu akiulizia, na kote alikuta pamelimwa ukingo hadi ukingo.

"Bibi, ardhi inakauka," Kwandu alimsihi. "Wenzangu mtama wao umeshachipua. Mimi nitakula nini?"

"Nikikukabidhi mbegu hivihivi, mjukuu wangu, nitakuwa nimekutupa."

Shigela, baba yake Kwandu, akaingilia. "Mama, tumngoje kidogo. Huenda mvua ijayo ikamleta."

Mbuke alimgeukia mwanawe kwa hasira, ingawa aliyemkasirikia hasa ni nafsi yake. "Imlete kutoka wapi, Shigela? Apite wapi? Alale wapi? Tuliichoma nyumba yake naye yumo ndani, mimi nikiimba! Mng'oa ua hamngoji kalunguyeye."

Mbuke akaketi chini, akauvuta ungo. Akakunja ngumi, akaiweka katikati ya mtama, akatulia. Kwandu alidhani bibi amechanganyikiwa, na kicheko kilikuwa kimeshamfika mdomoni. Ndipo ile ngumi ilipoanza kujikunjua. Kidole kimoja kikachungulia, vingine vikafuata, vikatembea polepole juu ya mbegu, vikizichakarisha. Machozi yakamtoka bibi, yakamtoka na mjukuu.

"Shamba limekupokea," Mbuke alisema. "Lakini nenda ukachomeke minyaa ukingoni."

Kwandu akapanda mtama wake siku hiyohiyo, na minyaa akaichomeka. Ilishika, ila haikuwahi kuwa ua mnene bibi akiwa hai. Mbuke alikufa bila kumwona kalunguyeye tena.

Tangu hapo bibi wa huku kwetu hukabidhi mbegu kwa ngumi. Na binti akiuliza kwa nini bibi anakunja ngumi ndani ya ungo, haambiwi maneno mengi. Huambiwa hivi: mng'oa ua hamngoji kalunguyeye.