Kifaru Alinda Kisima cha Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na wizara na mihuri kama sisi, mto ulikauka ukabaki mchanga mtupu. Wanyama wakaikopesha serikali ya Simba, kila mmoja akapewa hatifungani yake, hati ya deni. Kwa mkopo huo Simba akampa Bi Pimbi ruzuku achimbe kisima mtoni.

Pimbi mnamjua? Kadogo hivi! Lakini alichimba na jamaa zake mpaka mchanga ukaanza kuwa na unyevu. Wanawe walikuwa wakiulamba kwa kiu, na roho ilimuuma mno.

Mara, du! du! du! Akaja Kifaru, afisa wa ruzuku, jitu zima.

"Simamisha kazi! Hatifungani zimesitishwa. Hakuna ruzuku mpaka tangazo jingine!"

"Mheshimiwa, maji yako karibu! Wanangu watakufa."

"Amri ni amri. Mkataba wako wa ruzuku unabadilishwa leo. Ukigusa mchanga huu, gerezani!"

Pimbi akaguna. "Haya. Ila kisima ni mali ya Mfalme. Tuongeze kifungu: kazi ikisimama, aliyeisimamisha akilinde kisifukiwe."

Kifaru akacheka, hoo hoo hoo! "Shimo nani ataliiba? Ongeza!" Akagonga ukwato wake kwenye mkataba, pa! Simba naye, alipopelekewa, akatia muhuri.

Masikini, Kifaru hakuwahi kuchimba mchanga maishani. Alipogeuka tu, pororooo! Ukingo ukaporomoka.

"Pimbi! Njoo uzoe!"

"Mimi tena? Si umenikataza kugusa? Mali ya Mfalme hiyo inafukiwa!"

Kifaru akamwogopa Simba. Akaingia shimoni, akazoa kwa pembe. Mchanga ukamwagika, akazoa tena, kwa hasira, mara tatu ya ule uliomwagika. Enyi watoto, nguvu ile! Nchi ilitetemeka. Pimbi, aliyeyapanga yote, alikaa ukingoni mdomo wazi.

Siku ya tatu, bubububu! Maji! Baridi, maangavu, yakipanda yenyewe kutoka gizani chini ya ardhi mpaka magotini mwa Kifaru. Lo! Wanyama wote walikusanyika kisimani. Hata Simba alivua taji lake, akainamisha kichwa. Kilichosikika ni watoto wa Pimbi tu, wakinywa.

Kifaru akazinduka. "We Pimbi! Umenichimbisha kisima!"

"Hasha, mheshimiwa. Ulikuwa unalinda."

Basi shikeni hili, wanangu: anayesimamisha kazi asiyoijua, huimaliza yeye mwenyewe.